Paa la Babu Yako Halipakwi Rangi

Ushirombo, Bukombe,
Jumapili, 9 Machi 2025.

Mpendwa mjukuu wangu, mume wangu Donatus,

Mwangaluka, ng'wanawane, mwanangu. Shikamoo yako nimeshaiitikia, marahaba, maana najua ungeanza na hiyo. Hujambo huko Lindi? Kile kifua kilichokuwa kinakubana kimeachia, au bado unalala feni ikikupuliza usoni kama nilivyokukataza? Unakula? Wenzako wa kambi ya barabara hawajambo? Sisi hapa tu wazima. Goti langu la kushoto linanisumbua asubuhi, jua likipanda linanyamaza. Mahindi yamebeba vizuri, na yule mbuzi mwenye madoa kazaa mapacha, wote majike.

Tangu jana jioni umenipigia simu mara saba. Nimeziona zote. Sikupokea makusudi. Kwenye simu unanikatiza, "bibi subiri, bibi nisikilize," mpaka nasahau nilichotaka kusema. Barua haikatizwi. Nimemkataza na Monika mchumba wako, na shangazi zake pia, wasikwambie neno mpaka hii ikufikie. Basi linaondoka kesho, kwa hiyo utateseka siku mbili tatu. Siyo vibaya. Kaa chini, usome kwa mpangilio, usirukie mwisho.

Nianze na rangi yako.

Ulipomtumia pesa Mzee Badrudin wa duka la vifaa vya ujenzi, akaniletea ndoo tatu za rangi nyekundu hadi mlangoni, nilikasirika siku mbili nzima. Hukuniuliza. Ulichosema ni kwamba shangazi za mchumba wako wanakuja kutoka Kishapu kuiona nyumba mtakayokaa ukimaliza mkataba, na kwamba paa letu limekuwa jeusi, watatucheka, na tena linavuja sebuleni, kwa hiyo lipigwe rangi lipendeze na liache kuvuja. Donatus! Nani alikufundisha kwamba rangi inaunga kigae kilichopasuka? Na wewe ndiye uliyesoma, mimi niliishia darasa la nne.

Halafu vigae vile unavijua ni vya nani. Babu yako Tarsisi alivifyatua kwa mikono yake kwenye karakana ya misheni, kimoja kimoja, saruji na mchanga wa mtoni, anavilaza kwenye maji wiki nzima ndipo anavianika kivulini. Hayo maji nilikuwa nachota mimi, na mimba tumboni. Watu walimcheka, wakasema saruji juu ya kichwa itamwua yeye na watoto wake. Bati zao zimeliwa na kutu, wamebadilisha mara mbili. Vigae vyetu vipo.

Lakini nisikudanganye. Huyo shangazi mkubwa wa Monika, Scolastika, hata mimi nilikuwa namwogopa. Sifa zake zilifika hapa kabla yake. Alishamkatalia bwana mmoja wa Maganzo aliyetaka kumwoa dada wa Monika, mtu ana gari, kwa sababu alikuta choo chake hakina mlango. Na yeye akisema hapana, baba yake Monika hawezi kusema ndiyo. Nikawaza, labda mtoto ana haki, labda tupake.

Nikamwita fundi Wiliam. Nikamwambia aanze na jiko la nje, kwa sababu limeezekwa vigae vile vile, nione kwanza. Akaja na rola yake na ngazi. Nikamwuliza mbona hasugui ule ukoga mweusi.

"Hakuna haja, bibi. Rangi inafunika kila kitu. Paa linakuwa jipya kabisa."

"Kwa hiyo na mimi ukinipaka poda nitarudi kuwa binti?"

"Wewe bado binti, bibi."

"Basi shuka uje unipose. Mume wangu yuko Lindi, hatajua."

Alicheka nusura aporomoke na ngazi yake.

Nakiri, lilipendeza. Lilipendeza mno. Nilivuka barabara nikajifanya nanunua vitumbua, kumbe nalitazama jiko langu. Baba yako Adam alipokuja kutoka Rwamgasa akasema, "Mama, nyumba kubwa nayo ifuate." Nikamwuliza lile paa lake alilolipaka bluu mwaka juzi linaendeleaje. Akawa anaangalia kuku. Mimi nililiona nilipokwenda kumtembelea. Vumbi la karasha za kusagia mawe ya dhahabu limelifunika, huwezi kulitofautisha na la jirani yake ambaye hajawahi kununua hata brashi.

Mvua zikanyesha. Wiki ya tatu rangi ikaanza kutoa malengelenge, kisha ikawa inabanduka vipande vipande kama maganda ya kitunguu. Vipande vikadondokea kwenye ndoo niliyokingia maji pale jikoni. Maji yakanuka. Nikamtengea mbuzi. Akanusa, akanitazama usoni, akaondoka zake.

Hapo ndipo nilipoogopa. Wewe umesahau, kwa sababu huko Lindi unafungua bomba. Maji tunayokunywa hapa, tunayopikia, yaliyokukuza wewe mpaka ukawa mrefu hivyo, yanatoka juu ya paa hilo hilo unalolitaka jekundu, yanaingia kwenye tangi. Ningeipaka na nyumba kubwa, sijui leo ningekuwa nimekunywa nini. Ulitaka kupendeza mbele ya wakwe, ukasahau koo la bibi yako.

Kesho yake nilipandisha zile ndoo mbili ambazo hazijafunguliwa kwenye bodaboda, nikazishusha juu ya kaunta ya Badrudin.

"Mama Adam, soma pale ukutani," akaniambia.

"Sina miwani."

"Imeandikwa mali ikishauzwa hairudishwi."

"Hiyo mliwaandikia wateja. Mimi nilikuwa nakuletea maziwa hapa ukiwa bado unavalishwa suruali na mama yako."

Akacheka, akaagiza chai. Na chai ile ndiyo iliyomfungua mdomo. Akaniambia kigae cha saruji hakihitaji rangi ili kidumu, rangi ni pambo. Anayelitaka pambo basi alioshe paa, aliache likauke vizuri, apake kwanza ile ya kushikiza, ndipo apake nyekundu yake, na baada ya miaka kadhaa apande tena arudie. Nikamwuliza, "Sasa mbona hukumwambia Donatus?" Akajibu, "Donatus hakuniuliza. Aliagiza." Umesikia hilo? Hujui kuuliza, mjukuu wangu. Ni ugonjwa wa baba yako.

Mimi simsemi vibaya anayepaka. Mwenye maji ya bomba, mwenye pesa zimelala, macho yake yanataka rangi, apake, ni nyumba yake. Ila asidanganywe kwamba anatibu paa. Na anayekinga maji ya kunywa asiguse rangi ambayo hajui ndani ina nini.

Basi Badrudin akazichukua ndoo zake. Akanipa gata mpya za kukingia maji ya paa kuzunguka nyumba yote, saruji, na brashi ngumu. Wiliam akarudi, safari hii nimesimama chini ya ngazi na fimbo. Akasugua mpaka jasho likamtoka masikioni. Chini ya ule ukoga akakuta vigae viwili vimepasuka, na saruji ya mgongoni mwa paa imeachia. Ndiyo iliyokuwa inatuvujia sebuleni miaka yote hii! Akatoa vigae vya akiba alivyovipanga babu yako nyuma ya jiko, akabadilisha, akaziba mgongo, akafunga gata. Siku mbili kazi imekwisha. Mvua ya kwanza tukaiacha imwagike chini, ioshe uchafu, ndipo tukageuzia kwenye tangi. Paa likabaki na kijivu chake kile kile cha saruji, ila safi.

Jana ndiyo wakaja, shangazi watatu, Scolastika mbele. Mwanamke mrefu, mkavu, haongei. Mimi na baba yako tukamkaribisha, akasimama kwanza uani akiangalia juu.

"Mama Adam," akasema, "mbona jiko limevaa nguo nyekundu iliyochanika, na nyumba imevaa kijivu?"

Nikaona uongo hautanisaidia. "Mchumba wa binti yenu alitaka kuwapakia rangi mdanganyike. Mimi nikakataa. Mlichokiona ndicho kilichopo."

Wale wawili wakatazamana. Yeye akaingia ndani. Nikajua nimekuharibia, Donatus. Nakwambia kweli, nilikwenda jikoni kupakua kuku, najiuliza nitakuambia nini.

Tulipoanza kula mbingu ikafunguka. Mvua ya mawe, siyo mchezo! Scolastika akaweka sahani chini, akaanza kuzunguka sebule, anatazama dari, anapapasa ukuta kwa kiganja. Akaingia chumba chako. Akatoka. Kavu. Kisha akasimama kama mtu aliyeitwa. Alikuwa anasikia maji yakiingia tangini. Akajifunika kanga kichwani, akatoka nje kwenye mvua ile ile, akafungua koki, akakinga kikombe, akanywa. Akakinga tena. Kile cha pili akawapelekea wenzake.

"Yanakaa mpaka lini?" akaniuliza.

"Kiangazi kikiwa cha kawaida, yanatufikisha mwezi wa tisa."

"Sisi Kishapu mwezi wa tisa tunakunywa lambo moja na ng'ombe. Monika anaamka saa kumi alfajiri na ndoo kichwani tangu ana miaka saba." Akafuta uso kwa kanga, sijui ilikuwa mvua au nini. "Atakuwa anafungua koki uani kwake?"

"Uani kwake," nikamwambia.

Akakaa, akamaliza kuku wote, mpaka na shingo. Alipoinuka kuondoka akasema mbele ya baba yako na mbele yangu, na haya ndiyo maneno uliyokuwa unapiga simu mara saba kuyatafuta: "Harusi iwe Juni. Lakini tuna sharti moja. Paa hili lisipakwe rangi. Tukisikia limepakwa, tunakuja kumchukua mtoto wetu."

Nikapiga vigelegele mpaka goti likapona. Baba yako alicheza peke yake uani kwenye matope, mzee mzima. Waliondoka na madumu mawili ya maji yetu, ya kuwaonjesha watu wa Kishapu.

Kwa hiyo, mume wangu, umepata mke. Kama bado kuna rangi unaitamani, nunua shati.

Nakutumia michembe, vile viazi vyangu vya kukausha, kwenye mfuko wa bluu, usiwagawie wote wa kambini. Baba yako Adam anakusalimu, amerudi Rwamgasa leo asubuhi anaimba. Shangazi yako Anisia anakusalimu na watoto. Fundi Wiliam anauliza kama atakaribishwa harusini, nimemwambia atakuja kuosha vyombo. Nisalimie mpishi wenu wa kambi, umwambie apunguze mafuta.

Mungu akulinde kwenye mitambo hiyo, Mama Bikira Maria akushike mkono ufike nyumbani mzima, nikuone umesimama altareni kabla macho yangu hayajachoka.

Ni mimi bibi yako, mkeo wa kwanza, nikupendaye na kukugombeza,

Bibi Theresia, mjane wa Tarsisi.