Nimwambie Mtathmini Ukweli wa Darasa la Kusubiri?

Mpendwa Bibi Ozella, naomba msaada kwa jambo nisiloweza kulipeleka kanisani. Mimi ni mwalimu wa Darasa la Kusubiri hapa kwetu Mississippi, lile linalolipiwa na serikali, tunawafundisha vijana wajizuie mpaka ndoa, na kila Jumatano jioni, pamba ikipeperuka barabarani kama usingizi mweupe, najisikia nikisema kwa mbali, kama sauti inatoka chini ya maji, na tuna somo la utepe wa gundi, unaubandika mkononi kwa kijana mmoja, unaubandua, unaubandika kwa mwingine, mpaka haushiki tena, halafu unasema ndivyo mtu anavyokuwa asiposubiri. Juzi Tamekia, msichana mtaratibu, akaniuliza, "Mwalimu, dada yangu Renita ana mtoto na hana mume. Naye ni utepe?" Wavulana wakacheka, "Renita hashiki tena huyo," na mimi nikasema tuendelee, maana maneno nje ya kitabu cha mafunzo haturuhusiwi. Tamekia hajarudi. Nikifumba macho naona tepe zikielea mtoni, na kila mmoja una uso. Wiki ijayo anakuja mtathmini wa serikali kupima kama darasa linasaidia, atauliza watoto wanauliza nini na tunawajibu nini. Nikisema kweli huenda likafungwa, na wapo watoto ambao chakula chao cha jioni ni kile cha pale darasani. Mchungaji anayesimamia darasa kaniambia, "Binti, mwonyeshe wanaotabasamu tu." Nifanyeje?

Charlene

Charlene mwanangu, barua yako nimeisoma barazani polepole, maana herufi na mimi hatukukaa sana pamoja, barafu ikayeyuka yote kwenye chai yangu ya baridi, nikawa kama nimerudi kigori shambani, naitwa jina baya na watu wazima wanatazama mawingu.

Sasa amka. Kusubiri sina ugomvi nako. Mabinti zangu wote niliwaambia wasubiri, na wajukuu nawaambia, tena kwa ukali. Lakini kumwambia mtoto kwamba dada yake ni takataka, hayo si mafundisho, na wewe ukanyamaza. Usinisingizie kitabu, mdomo ni wako.

Chakula usikifanye ngao. Akina mama wa kanisa tunajua kukaanga samaki bila serikali. Na huyo mchungaji, akitaka tabasamu amwite mpiga picha.

Kesho nenda kwa kina Tamekia, bisha hodi mlango wa mbele, Renita awepo, useme, "Nilikosea. Wewe si utepe." Usilie huko, wana mtoto wa kuogesha. Mwombe Tamekia arudi, akikataa usimlazimishe. Mtathmini mwambie yote, swali, kicheko, na kimya chako. Atapima nini ukimfichia? Halafu Jumatano atakayokuja darasani, aje Tamekia asije, wasimamishe wale wavulana na ulijibu swali la mtoto wa watu mbele yao kwa sauti, mtathmini akiwa amekaa nyuma anasikia.