Saa Yangu Kwenye Glasi ya Maji

Bujumbura, Jumanne, 1996

Nisisikie tena mutu akiniambia "iache, urudi kesho." Fundi wa saa wa mtaa wa Rohero aliniambia hivyo, akanirudishia saa yangu na ukungu ndani ya kioo. Nami ni mkunga, niliinunua kwa sababu haiogopi maji! Sasa kila nikitaka kuisoma, lazima kwanza niutikise mkono ukungu usogee. Juzi ilinidanganya, nikafika nyumbani mbio, couvre-feu, ile amri ya kutotoka usiku, imeshaanza na askari wako kwenye kona. Niliogopa, sikatai.

Leo nimekwenda Buyenzi, kwa fundi mmoja mzee. Hakuniuliza ninatoka mtaa gani, swali ambalo siku hizi za vita kila mutu anaanza nalo ili ajue kabila lako. Kabla hajaifungua saa, adhana ikalia. Akainuka.

"Mama, mi nakwenda kuswali. Uniangalizie hizi."

Hizi! Saa za watu, meza nzima. Nilikuja kumpima yeye, nikajikuta nalinda duka lake.

Aliporudi alibadilisha mpira wa kuzuia maji mbele ya macho yangu, akaitumbukiza saa kwenye glasi ya maji. Tuliinama kuitazama. Halikuingia hata tone.

"Na kama ningekimbia nazo?" nikamuuliza.

"Apana, Mama. Tangu uingie umeishika yako kama mutoto mugonjwa. Mutu wa namna hiyo namwachia hata ufunguo."

Jioni mume wangu ameniuliza ni saa ngapi, makusudi, kunichokoza. Nimemjibu papo hapo. Mkono sikuutikisa.