Jibu la Kumpelekea Daktari

Nyakanazi, Jumatano

Kesho daktari wa Mwanza anataka jibu: viinitete vyetu vitano vilivyoko maabara vipimwe selimundu kabla hajanipandikizia kimoja, au tuache. Mimi na mume wangu Hamisi sote tumebeba vinasaba vya ugonjwa huo. Hamisi anasema niamue mimi, eti mwili ni wangu. Imeniudhi. Anaogopa tu kumkosea dada yake, Zaituni, anayeugua selimundu tangu utotoni.

Leo mabasi ya wakimbizi yalisimama tangu asubuhi kwenye kituo tunakofanya kazi ya kupika. Mimi na Zaituni tulimenya ndizi za kuwapikia mpaka vidole vikawa vyeusi. Ghafla akasema, "Wifi, Hamisi kaniambia."

Nilikuwa nimeandaa uongo. Sikuutumia, nikaendelea kumenya.

"Pimeni," akasema. "Mifupa ikinishika, simwombei mtoto yeyote haya. Na siku ya arobaini mtoto wenu nitamtoa nje mimi, shangazi yake, asinitangulie mtu."

Akachukua ndizi nyingine.

"Ila majibu yakija, msiniambie wangapi walikuwa kama mimi."

Kesho nitamwambia daktari apime. Halafu nitamwomba hiyo idadi asinitajie hata mimi, maana kila siku namenya ndizi na Zaituni.