Saa Ambayo Mama Hakuichora

Kaka Ambrosi,

Shikamoo. Habari za hapo Masasi? Kikohozi cha wifi yangu Mama Upendo kimetulia? Mimi mwili mzima, moyo ndio umekaa juu juu. Naandika kwa mkono, nitapiga picha nikutumie, maana tukiongea kwa simu tunaishia kugombana, na kikao cha mjomba ni Jumamosi.

Kaka, nakuomba, mama asihamishwe kutoka nyumbani kwake Mkunya kwa sababu ya karatasi yangu.

Nilikutumia kile kipimo cha kumbukumbu tunachowapa wazee hapa maabara, kabla ya kuwavisha kofia ya nyaya na kuchunguza ubongo wao. Nilitaka uongee naye taratibu. Wewe, mwalimu wa kuzaliwa, ukamkalisha mezani, ukasahihisha kwa kalamu nyekundu, ukamsomea mjomba alama kama matokeo ya darasa la saba! Sasa mjomba anasema akili ya dada yake imekwisha, ahamie kwako, nyumba ifungwe. Nilikukasirikia sana. Lakini kosa la kwanza ni langu.

Juzi alikuja maabara bibi mmoja mkimbizi, hajawahi kukanyaga shule. Nikampa kipimo kilekile, nikamwambia achore saa. Akaishika kalamu kama mwiko, machozi yakamtoka. Profesa wetu akaiondoa karatasi, akamwomba aeleze wanavyopika mkate kwao. Bibi akaeleza bila kuruka hatua hata moja. Profesa akanigeukia: "Ulikuwa unapima shule, hukupima ubongo." Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

Nikaifungua tena picha ya majibu ya mama. Ulimuuliza leo tarehe ngapi, akasema, "Tumemaliza salfa ya pili." Ukaweka kosa. Kwani uongo? Mikorosho ilikuwa imetoka kupuliziwa dawa hiyo wiki ileile. Ukamwambia achore saa, akakujibu, "Ya nini, kwani jua silioni?" Kosa tena.

Sisemi hana tatizo lolote. Mwezi uliopita aliniita kwa jina la mama mdogo, na aliniuliza mara tatu kama nimekula. Kila siku nashinda na bongo za watu, lakini wa mama yangu naogopa kuuangalia.

Kwa hiyo kabla ya Jumamosi nenda naye shambani. Baba alipanda mkorosho kila alipozaliwa mtoto. Mwache mama atangulie, akutajie mmoja mmoja ni wa nani. Kalamu iache nyumbani. Akiitaja, mwambie mjomba amwache abaki nyumbani kwake. Akishindwa, nitakuja mwenyewe na nitakubali mtakaloamua. Wangu ni ule wa mwisho, kando ya njia ya kanisani. Akifika hapo akanyamaza, usimnong'oneze, Kaka. Nipe ukweli.

Mpe mjomba shikamoo yangu, mwambie sijamvunjia heshima. Wifi yangu Mama Upendo nambusu, na Upendo aongeze bidii shuleni.

Mama mwambie nimekula. Akiuliza tena, mjibu tena.

Mdogo wako,
Tabitha