Sita Iliyosimama Kichwa Chini

Chumba cha Cherehani,
Nyuma ya Uwanja wa Mazoezi.
Jumapili, tarehe 14 Juni.

Mpendwa Kaka,

Pokea salamu kutoka nyumba uliyoiacha na mlango wa bluu. Siku hizi ni wa kijani, ila bado unalia ukifunguliwa. Goti lako linasemaje? Bado linatabiri mvua kuliko redio? Wifi yangu kifua kimepoa? Na wale mabinti wawili, bado wanaikumbuka sauti ya shangazi yao, au wamebaki kuniona kwenye picha tu?

Mimi sijambo. Macho yanadai miwani mipya na mgongo unanung'unika nikikaa sana kwenye cherehani, lakini hayo ni ya umri, si ya kumsumbulia daktari. Mwanao naye ni mzima wa mwili. Nimeandika "wa mwili" kwa makusudi, na sababu yake utaiona.

Barua yako niliipata. Umeuliza swali moja ukalipigia mistari miwili: kijana alikuwa na nini siku ya fainali? Unasema alicheza kama aliyefungwa mawe miguuni, kwamba mpira uliozaa lile bao aliwapa wapinzani kama zawadi, na kwamba wenzako kazini walikucheka mpaka ukazima televisheni. Ndipo ukamtumia ule ujumbe kwamba amekutia aibu. Aliusoma, Kaka. Tangu siku hiyo hajakupigia simu, wala wewe hujampigia, na leo ni wiki ya tatu.

Nilitaka kukujibu siku ileile. Barua hii nimeianza mara nne. Tatu nimezichana, ya nne nimeifanya kipimo cha kola. Mtu akiwa na la kuficha, hata karatasi humpa kazi nyingine.

Basi nisikilize, na usinikatize kama kawaida yako.

Msimu huu wa kombe ulikuwa wetu, jamani. Unajua mtoano ulivyo: ukifungwa leo, unaanika soksi mpaka mwakani. Sisi hatukuanika. Raundi ya kwanza tuliwafunga walimu wa chuo manne kwa bila. Ya pili tulishinda kwa penalti, na kipa wetu, yule mwoka mikate, alidaka mbili, kesho yake akauza mikate yote kabla jua halijachomoza vizuri. Ya tatu ilikuja timu kubwa, na basi lao lenye mapazia. Walifika wanacheka, wakaondoka wameyafunga mapazia. Robo fainali tulishinda ugenini, watu wa mtaani wakasikiliza redioni kwa kinyozi mpaka kinyozi akamnyoa mtu nusu ya ndevu akamsahau.

Katika mechi zote hizo, aliyefunga ni mmoja: namba tisa wetu, Fundi Bomba. Huyu ana miaka thelathini na sita, wenzake wanamwita Babu naye anaitika. Asubuhi anazibua masinki ya watu, jioni anazibua mabeki. Ndiye aliyekuwa akikaa juu ya ukuta wa uwanja enzi zako, anakutazama mdomo wazi. Mwanzoni mwa msimu alituambia huu ni wa mwisho, magoti yameanza kumsalimia. Alikuwa na ndoto moja tu, kucheza fainali, hata kama ni dakika kumi.

Mwanao alikuwa namba sita, kiungo. Nawe unajua ni nani aliyezishona hizo namba.

Unakumbuka Mama alivyoshona za timu yenu: kitambaa cheupe, mkasi na sindano ya mkono. Klabu haijawahi kuchapisha namba, na kazi hiyo niliirithi pamoja na cherehani. Nadhani unakumbuka pia kwamba chini ya sita na chini ya tisa Mama alipitisha kimstari cha uzi mwekundu kwenye jezi yenyewe. Alizoea kusema, "Sita na tisa ni watu wa nyumba moja. Herufi ni zilezile, zimebadilishana viti tu. Usipowawekea sakafu, watasimama kichwa chini." Tulikuwa tunacheka. Ukiziandika, sita na tisa, unaona kweli herufi ni zilezile.

Nusu fainali ilichezwa kwenye mvua. Kipindi cha kwanza beki wao alimvuta mwanao jezi, ikachanika kutoka bega hadi kiunoni. Wakati wa mapumziko nikatoa ile jezi ya akiba isiyo na namba, nikaifumua sita kutoka ile iliyochanika, nikaanza kuishona. Dari linavuja, miwani imejaa ukungu, kocha anapiga kelele juu ya kichwa changu. Nilikuwa nimeilaza jezi mapajani, kola imenielekea tumboni, nikaiweka namba ikae sawa machoni mwangu. Ikakaa sawa kwangu mimi. Kwa anayeivaa ilikuwa kichwa chini. Kimstari chekundu sikukiweka, nilisema kitangoja. Haraka haraka haina baraka, na fundi cherehani ndiye wa kwanza kuwaambia wateja hivyo.

Kwa hiyo kipindi chote cha pili tulikuwa na tisa wawili uwanjani bila sita hata mmoja, na kwa matope yaliyokuwa migongoni mwao hakuna aliyeona.

Dakika za mwisho mwanao alimkwatua mtu. Wachezaji wakarundikana, wengine wanasukumana, Fundi Bomba yupo katikati anawaamulia. Refa akainua kadi ya njano juu ya vichwa vyao, akaandika namba. Mpira ukaisha, tumeshinda moja kwa bila, bao la Babu. Nililia kama mtoto. Nilikulilia wewe, ambaye miaka ishirini na sita iliyopita goti lako lilivunjikia kwenye mechi kama hiyo, fainali ukaisikiliza kitandani hospitalini.

Jumapili nilipofua ndipo nikaiona ile jezi kwenye kamba, tisa badala ya sita. Nikacheka peke yangu. Nikaiacha ikauke, nikajiambia nitaigeuza nikipata nafasi.

Jumanne kamati ya kombe ilileta barua. Namba tisa amepata kadi ya pili ya njano, hatacheza fainali.

Hapo, Kaka, nilielewa kila kitu kabla katibu wa klabu hajamaliza kusoma. Mwanao pia alikuwa na kadi moja ya tangu raundi ya tatu. Kadi ile ilikuwa yake. Wa kukosa fainali alikuwa yeye.

Fundi Bomba hakupiga kelele. Alisema tu kwamba hadhani ni yeye, refa hakumtazama hata kidogo. Lakini kwenye msongamano ule nani angeapa? Katibu akasema rufaa inataka ushahidi, na mwisho ni Jumatano saa sita mchana.

Nilirudi nyumbani nikamkuta mwanao amekaa kwenye ngazi, hajavua hata viatu. Akaniambia, "Shangazi, ile kadi ni yangu. Refa aliniangalia mimi machoni. Twende tukaseme." Maneno ni hayohayo, sikuongeza wala sikupunguza.

Nikamwambia anyamaze. Nikamwambia baba yake amengoja miaka ishirini na sita. Nikamkumbusha ulivyosema kwenye simu, kwamba ukimwona akiingia uwanjani siku ya fainali, goti lako litakuwa limepona. Nilimfunga mdomo mtoto wako kwa maneno yako mwenyewe. Alikuja kwangu ana miaka tisa, hajawahi kunibishia, na siku ile pia hakunibishia. Natamani angenibishia.

Kisha nikaingia chumbani, nikafumua ile sita, nikaigeuza, nikaishona vizuri na kimstari chekundu nikakiweka. Sijawahi kushona namba nzuri kama ile.

Jumatano asubuhi katibu alikuja kuzikagua jezi. Akauliza kama zote ziko sawa. Nikamjibu, "Sita ni sita, tisa ni tisa." Akazitazama, akaridhika, akaondoka. Saa sita ikapita.

Fainali uliiona mwenyewe. Usichokiona ni pembeni, ambako televisheni haikufika. Fundi Bomba alikaa karibu yangu kwenye sanduku la chupa za maji, amevaa shati lake la kazini, anawagawia wenzake maji. Kila mpira ulipopita mbele ya goli, mguu wake wa kulia uliruka. Mara tatu uliruka, Kaka. Mara tatu mshambuliaji wetu wa akiba alichelewa, na mimi nilijua mguu wa nani ungewahi.

Na mwanao kila alipopata mpira alimtafuta tisa mbele, kwa mazoea, halafu akakumbuka. Ule mpira uliouita zawadi, alikuwa ameinua kichwa kumtafuta. Hakufungwa mawe miguuni. Mawe nilimfunga mimi, tena moyoni.

Tangu turudi hajaenda mazoezini. Jezi yake ameikunja akaniwekea juu ya cherehani. Anakwenda kazini, anarudi, anakula, anasema asante, shangazi. Ujumbe wako bado anao kwenye simu. Nimemwona akiufungua.

Nilidhani nitajikaza kisabuni mpaka yapite. Kisha Alhamisi bomba la uani likaanza kuvuja, na katika mji huu unamwita nani?

Alikuja na sanduku lake, akalitengeneza, akakataa kiti akakaa kwenye kizingiti. Akaniambia ana ombi moja. Jezi ni mali ya klabu, hilo analijua, ila namba ni kitambaa tu, na kwa kuwa amestaafu angependa kwenda na tisa yake nyumbani. Nikaifumua mbele yake.  Nikaiweka juu ya meza.

Akaichukua, akaitazama. Akaigeuza, ikawa sita. Akaigeuza tena, ikawa tisa. Kisha akaniuliza taratibu, kama mtu anayeuliza bei ya kitunguu, "Mama yenu alikuwa anaweka kimstari chini, sivyo? Siku ile ya mvua ulikiweka, Dada?"

 Nilisema chai inapoa. Alingoja. Bomba lingekuwa bado linavuja, matone yangenisaidia, lakini alikuwa ameshalitengeneza. Mwishowe akaikunja namba yake, akaiweka kwenye sanduku kati ya spana, akaniambia halitavuja tena, akaaga kwa heshima.

Kaka, kama angenitukana ningelala. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, na siombi pole yako. Nimemnyang'anya mtu fainali moja aliyokuwa nayo maishani, na kukupa wewe fainali iliyokuchoma. Niliyemlenga kwa mapenzi hakufaidika, na asiye na kosa ameumia. Haiwezi kurudiwa. Namba unaweza kuifumua na kuishona upya, mechi huwezi.

Jana nilimwambia mwanao kwamba kesho Jumatatu, saa kumi, timu ikikusanyika, nitakwenda uwanjani niseme yote mbele ya Fundi Bomba na katibu na kila aliyevaa jezi nilizoshona. Huenda wakaninyang'anya kazi hii ya Mama, na watakuwa na haki. Hakuwa ameniangalia usoni kwa wiki tatu. Jana aliniangalia. Akasema atakwenda na mimi, kwa sababu kadi ni yake. Nilimkatalia, na safari hii amenibishia.

Sikuandikii kuomba ruhusa. Nakuandikia usije ukalisikia kwa watu. Barua hii naipiga picha kurasa zote leo, ikufikie kwenye simu kabla posta haijaamka. Nina ombi moja kama alivyokuwa nalo Fundi Bomba: mpigie mwanao kabla ya saa kumi kesho. Usimwambie lolote kuhusu mpira. Mwambie tu wewe ni baba yake, na kwamba ulikosea mtu wa kumlaumu. Anayestahili lawama anaitwa dada yako.

Nisalimie wifi, mwambie lile gauni lake nimelimaliza na pindo nimeliangalia mara mbili. Wabusu mabinti. Mjomba mkubwa anakusalimu, masikio yamegoma lakini fainali anaisimulia kama aliisikia. Jirani yetu mkunga naye anakuulizia, na bado anadai wewe ndiye mtoto aliyemsumbua kuliko wote kutoka tumboni.

Mungu akulinde huko uliko, akupe mkate wa halali na usingizi usio na deni la moyo. Aniongoze na mimi kesho, miguu isije ikanirudisha njiani.

Mimi dada yako akupendaye, niliyesahau kukuwekea mstari chini,

Fundi wa Jezi.

N.B. Mwanao simu yake ameiacha mezani karibu na cherehani, kioo kikitazama juu. Zamani alikuwa anailaza kifudifudi.