Upande wa Kushoto wa Barafu

Jumapili, 10 Februari

Leo asubuhi nimemwaga kahawa ya Marnie. Kikombe kilikuwa mezani, kushoto kwangu, na sikukiona kabisa. Mke wangu akacheka — ati miaka yote ile ya kulipwa kugongana na watu imenimaliza adabu. Nikacheka nami. Moyoni nilikuwa nimeganda.

Jicho la kushoto. Lile lililopigwa na kisahani, kile cha mpira mgumu tunachochezea hoki barafuni, mwaka wangu wa mwisho wa kucheza. Sasa kuna kitu kama pazia pembeni yake, na kila wiki linajivuta kidogo. Sijamwambia mtu. Refa wa hoki asiyeona upande mmoja ni refa wa nini? Na nikiondoka kwenye barafu, mimi ni nani hapa Dunvale?

Jumanne, 12 Februari

Baridi ya kupasua midomo. Nimechomeka injini ya gari kwenye umeme isigande. Nimempigia daktari wa macho, mjini Saskatoon. Nikakata kabla hajapokea. Naogopa atakachoniambia.

Ijumaa, 15 Februari

Balaa!

Kanuni ni ya zamani: refa akipotewa na kisahani, anapuliza kipenga na mchezo unasimama. Basi. Hata kama ukumbi mzima unakiona. Leo kilikuwa mbele ya kipa, kikaingia nyuma ya pazia langu — nikapuliza. Papo hapo Tanner Lischka, nahodha wetu wa Dunvale, akakisukuma golini. Goli safi kabisa. Nikalikataa.

Nilizomewa mpaka masikio yakawaka. Tanner akateleza hadi puani pangu. "Mzee Lorne, bibi yangu ana miwani ya ziada. Nikuletee?" Ningeweza kumtoa nje kwa utovu wa adabu. Sikumtoa. Hakukosea.

Na ni huyu huyu aliyeanguka vibaya kipindi cha kwanza. Alipoinuka, timu zote mbili ziligonga fimbo kwenye barafu, kama tunavyofanya siku zote aliyeumia akiinuka, hata kama ni adui. Naipenda sauti ile kuliko wimbo wowote.

Tukivua viatu vya barafu, Odell Fehr, msaidizi wangu wa mstarini, aliacha kamba zake nusu. Aliniangalia tu. Sana.

Jumapili, 17 Februari

Chakula kwa wakwe. Baba mkwe, pirogi, lile andazi la viazi, bado mdomoni, ananiuliza wale wa Harlan, wapinzani wetu wa Ijumaa, wamenihonga nini. Marnie akamwambia ale anyamaze.

Jioni kapiga simu msimamizi wa marefa. Fainali ya Jumamosi ni yangu, Dunvale na Harlan, ila niache mchezo uende. Nisiwe mwepesi wa kipenga. Nikasema sawa. Sawa! Neno moja tu lingetosha kujitoa. Badala yake nikamwuliza saa ya mchezo.

Alhamisi, 21 Februari

Mazoezi ya marefa. Odell anateleza kushoto kwangu. Nikihama, anahama. Nikamwuliza kulikoni.

"Upande huu una upepo. Nakukinga." Halafu, chini chini: "Kaka, nikiwa karibu nitakuambia kisahani kilipo. Nikiwa mbali je?"

Nikamjibu sijui anaongea nini. Nikamkasirikia hata! Nimerudi nyumbani. Marnie kaniwekea sahani upande wa kulia. Tangu lini?

Jumamosi, 23 Februari

Naandika chumbani kwa marefa, viatu vya barafu bado miguuni.

Kipindi cha pili kilikuwa kinakwisha. Kisahani kikaenda kushoto ya goli la Harlan. Odell alikuwa mbali. Kikapotea. Pazia tu. Kipenga kilikuwa kinywani — nikakumbuka msimamizi, nikakumbuka miwani ya bibi. Nikangoja.

Kumbe kipa alishakilalia! Mchezo ulipaswa kufa pale pale. Tanner aliliona hilo, akalegea, akageuka kuuendea ubao unaozunguka uwanja, kichwa chini. Kila mchezaji hulegea hapo. Kipenga hakikosi kuja. Beki wa Harlan alikuwa anakuja mbio kutoka nyuma. Kwake mchezo ulikuwa hai. Mimi ndiye niliyemwacha auone hai.

Nilisikia mwili ukipiga ubao. Sikuona kitu. Nilisikia tu.

Tanner hajainuka. Daktari mmoja alishuka kutoka jukwaani akapiga magoti kando yake, akakataza mtu yeyote kumgusa mpaka ambulensi ifike. Watu wakaanza kuturushia makopo, msimamizi akatuingiza humu. Wachezaji wamekataa kuondoka. Wako kule kwenye ubao, wote, Dunvale na Harlan, na fimbo zao, wakingoja ainuke.

Msimamizi yuko nje ya mlango. Anataka uamuzi: nilimwona beki akimvamia kwa makusudi, au la? Nikisema nilimwona, beki anafungiwa, na mimi naendelea kuwa refa. Mashabiki watanishangilia. Wallahi watanishangilia!

Odell ameketi. Kushoto kwangu, kama juzi. Anasema yeye hawezi kunisemea hili.

"Sikuona," nimemwambia. "Odell, sioni upande huu."

"Najua, kaka," anasema. "Mwambie yeye."

Ukuta ni mwembamba. Mtu akikohoa kule nje tutamsikia. Nasikiliza fimbo. Mungu wangu, naomba fimbo tu, hata moja. Nikizisikia nitatoka niseme yote, jicho, kipenga, yote. Na nisipozisikia? Nitasema pia. Nadhani nitasema.

Kuna kinachogonga! Nimeinuka nusu, Odell naye.

Ni mlango tu. Msimamizi.