Nilimwaga Mchanga wa Mume Wangu

...halafu, shangazi mshauri, barua yangu ya kwanza karatasi iliisha bado namsifu mume wangu, na ukiwa na wiki saba za ndoa sifa haziishi, kwa hiyo leo naanza na tatizo lenyewe kabla moyo haujanipeleka kwingine.

Mume wangu ni mtunza bustani, ananukia majani mabichi, na jioni huniletea ua amelichomeka sikioni kwake kwa sababu anasema mikono imejaa vifaa. Sasa amesafiri siku tisa kupanda nyasi kwenye hospitali mpya, huko amepewa vifaa, vyake ameviacha, nami nikasema nimfurahishe mpenzi wangu. Nikaingia stoo nikakuta jembe, sepetu na ule mkasi mdogo wa kupogolea aliorithi kwa marehemu baba yake, vyote vimechomekwa kwenye ndoo ya mchanga mweusi unaonata mafuta, nikamwonea huruma, kumbe mwanamume mzuri hivi alikosa wa kumsafishia! Nikaumwaga mchanga nyuma ya nyumba, nikasugua vifaa kwa sabuni ya unga vikang'aa, nikavifunga kwenye nailoni vikiwa bado na majimaji, nikavizungushia utepe uliobaki harusini, nikavifungia sandukuni kama zawadi.

Juzi mama mkwe alikuja kuazima sepetu. Alipoona ndoo tupu aliuliza mchanga uko wapi, nikamweleza kwa majivuno, naye akacheka mpaka akakaa chini, akasema ule mchanga wenye mafuta ndio unaozuia kutu, mwanawe alifundishwa hivyo tangu mdogo. Tukafungua sanduku. Jembe lina madoa mekundu, na mkasi haufunguki kabisa. Hapo mama akaacha kucheka. "Mwanangu," akasema, "neno la huo mkasi ni lako na mumeo. Mimi simo."

Mume wangu hupiga simu kila siku, na jana akauliza kwa utani, "Ndoo yangu haijambo?" Nikajibu haijambo, inakusalimu. Akacheka yule kipenzi changu, nami nikafurahi anavyocheka, kisha nikajisikia mwizi. Duka la vifaa lina mkasi unaofanana na ule kama pacha. Anarudi Jumamosi. Ninunue, niufiche wa zamani, tuendelee kupendana?

Ni mimi, Bi Harusi wa Wiki Saba

*

Bi Harusi, hongera na pole, pokea zote mbili kwa pamoja.

Huo mkasi pacha uache dukani. Mkono wa mtunza bustani unaujua mkasi wake, na kabla hajakata tawi la pili ataujua mgeni. Hapo hatakuuliza habari ya kutu, atakuuliza ni mangapi mengine umembadilishia. Kuosha chuma ukakifunga na maji ni ujinga wa mtu anayependa, unasameheka. Kusema ndoo inakusalimu huku ukijua imekufa, huo ni uongo, mama, na ndoa yenu bado changa mno kuubeba.

Mpigie wewe leo, usingoje apige yeye. Sema, "Mume wangu, nilimwaga mchanga wako na mkasi wa baba umeshika kutu." Kisha nyamaza, umwache aseme lake hata likiwa kali. Na fanya haraka, kwa sababu gazeti hili linauzwa hata kwenye mageti ya hospitali.

Ukishamaliza, kazi. Hizo nailoni zitupe. Jembe na sepetu sugua kwa brashi ya waya, anika juani, paka mafuta. Mkasi ulaze ndani ya siki usiku kucha, usuuze, ukaushe sana, tia tone la mafuta ya cherehani kwenye kiungo chake, uufungue polepole bila kuulazimisha. Ukikataa kufunguka, mwachie mumeo. Mchanga wa ndoo uwe mkavu, mafuta kiasi cha kuulowesha tu, na vifaa viingie humo vikiwa vimefutwa udongo. Ule uliomwaga uzoe, usije ukaua mimea.

Halafu mwombe akufundishe kupogoa kwa mkasi huohuo. Mwanamume anayevaa ua sikioni kwa ajili yako hatakunyima somo.

Mimi nina jembe lililolala nje tangu mvua zilizopita, nami ndiye niliyekukaripia hapa. Nitalileta kwenu mwenyewe kabla mwezi huu haujaisha.